Kubadilisha plazma au kukazana na saa za mwanzo? Ulinganisho kwa wenye mgonjwa wa sepsisi Unguja na Pemba

Mgonjwa amelazwa Abdalla Mzee, Mkoani, au Mnazi Mmoja mjini. Daktari ameshasema ni sepsisi, presha imeshuka, mkojo umepungua. Jioni jamaa aliyeko ng'ambo anatuma ujumbe kwenye kundi la ukoo: kuna mashine inayotoa plazma (ile sehemu ya majimaji ya damu) mbovu na kurudisha nzima, mpelekeni Dar, au India kabisa. Kuanzia hapo mazungumzo yanahamia kwenye mchango, tiketi na pasipoti. Hakuna anayeuliza tena tiba hiyo inafanya nini, inamfaa nani, na inalinganaje na ile ambayo mgonjwa anaweza kuipata usiku huohuo kitandani alipo. Ulinganisho huu unashughulikia swali hilo. Ni wa familia, na pia wa wauguzi na matabibu vijana wa wilayani, ambao ndio wanaobanwa ukumbini wajibu.

Kwanza, kinachoharibika ni nini

Sepsisi si vijidudu kuwa vingi ndani ya damu tu. Ni mwili kuyapiga vita maambukizi kwa namna iliyopotoka, mpaka ukajijeruhi wenyewe na viungo vikaanza kushindwa kazi. Hesabu za mwaka 2017 zilikadiria vifo milioni 11 duniani vilivyohusiana na sepsisi, karibu kifo kimoja katika kila vitano, na wagonjwa wengi ni wa nchi zenye kipato kama chetu.

Sehemu inayoumia mapema ni ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Ukuta huo umefunikwa utando laini wa sukari na protini uitwao glaikokaliksi, umesimama juu ya seli kama mwani juu ya mwamba, na kazi yake ni kuzuia kilichomo ndani ya mshipa kisivuje ovyo. Sepsisi huung'oa. Seli za ukuta nazo hutoa protini iitwayo angiopoietini-2, inayolegeza maungio baina yao. Maji yanapenya kwenda kwenye nyama na mapafu, na ndiyo maana unamkuta mgonjwa amevimba uso na mikono ilhali mishipa yake ni mitupu.

Huku kunavuja, kule kunaziba. Seli zilizojeruhiwa hutoa nyuzi ndefu za protini ya von Willebrand, ambayo husaidia damu kuganda. Mtu akiwa mzima, nyuzi hizo hukatwakatwa na kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13. Kwenye sepsisi kali kimeng'enya hicho hupungua, nyuzi hubaki ndefu, chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) hunasa humo, na vijimshipa vya figo, ini na vidole hujaa madonge madogo ya damu. Kwa hiyo anayependekeza tiba ya kuilenga mishipa yenyewe habahatishi. Wazo lina mantiki, na mimi naliheshimu.

Mashine inafanya nini, na inataka nini

Mgonjwa hutiwa mrija mnene wenye njia mbili kwenye mshipa mkubwa wa shingo au paja. Damu inatoka, mashine inaitenga plazma kwa kuizungusha kwa kasi au kwa kuipitisha kwenye kichujio, plazma hiyo inatupwa, na chembe za damu zinarudishwa mwilini pamoja na plazma ya watu waliochangia damu. Kikao kimoja huchukua saa kadhaa. Watu wengi huichanganya na mashine ya figo. Ile ya figo huondoa vitu vidogo kama yurea na potasiamu, ikaziacha protini kubwa zilivyo. Hii huondoa plazma pamoja na kila kilichomo.

Mtu mzima wa kilo 60 ana plazma ya lita 2 na nusu hivi. Ukiibadilisha yote kwa mkupuo mmoja, unaondoa takriban 63% ya kilichokuwa ndani yake, kwa kuwa mpya huchanganyika na ya zamani kadiri kazi inavyoendelea. Angiopoietini-2 na zile nyuzi ndefu hupungua. ADAMTS13 hurudi, na pamoja nayo protini C na antithrombini, ambazo huizuia damu kuganda pasipotakiwa. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyengine zote kwa nadharia: inatoa kibaya na kurudisha kizuri kwa wakati mmoja.

Sasa tizama bei yake, na sizungumzii shilingi. Mfuko mmoja wa plazma iliyogandishwa una mililita 200 hadi 250. Kikao kimoja, basi, kinakula mifuko kumi hadi kumi na tatu hivi, na kila mfuko ni mtu aliyekaa akachomwa sindano akatoa damu yake. Lazima iwe ya kundi la damu linalolingana, itengwe kwa mashine yenye ubaridi, ihifadhiwe chini ya nyuzi 18 za hasi, kisha iyeyushwe kwa utaratibu. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu mfululizo, hawahitaji kuelezwa friji za namna hiyo zinategemea nini. Na plazma hiyo ndiyo inayotakiwa pia na mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua. Mwenye kupanga tiba visiwani hana haki ya kulisahau hilo.

Madhara yapo. Dawa inayozuia damu isigande ndani ya mashine hushusha kalsiamu, mgonjwa akahisi ganzi midomoni au moyo ukapiga vibaya. Presha inaweza kuporomoka zaidi. Plazma ya wengine inaweza kuleta mzio, na mara chache ikayaumiza mapafu vibaya. Mrija mnene unaweza kuwa mlango wa maambukizi mapya.

Ushahidi wake uko wapi

Jaribio linalotajwa kuliko yote lilifanywa Arkhangelsk, Urusi, na kuchapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 106 waligawanywa kwa kura. Waliobadilishiwa plazma walifariki 33.3% ndani ya siku 28, wenzao 53.8%. Ukiishia hapo, unafunga mizigo. Lakini watafiti walipozitia hesabuni tofauti nyengine za wagonjwa wa makundi hayo mawili, faida ile haikuwa na uhakika tena wa kutosha. Mwaka 2014 majaribio ya kura yaliyokuwepo yalikusanywa pamoja yakapatikana manne tu, wagonjwa 194 kwa jumla. Watu wazima walionekana kufaidika, watoto hapana, na majaribio yenyewe yalikuwa na kasoro.

Wajerumani ndio waliolishika jambo hili kwa makini zaidi. Hannover, mwaka 2018, waliripoti wagonjwa 20 waliokuwa na mshtuko wa sepsisi (presha imeanguka na maji peke yake hayaipandishi) wa mapema na mkali, wote wakihitaji noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, zaidi ya maikrogramu 0.4 kwa kilo kwa dakika. Baada ya kikao kimoja, mahitaji ya dawa hiyo yalishuka. Likafuata jaribio la kura liitwalo EXCHANGE, wagonjwa 40: kundi lililobadilishiwa plazma lilipunguziwa noradrenalini zaidi, ila vifo havikutofautiana. Watu 40 ni wachache mno kuonyesha tofauti ya vifo, na ndiyo sababu EXCHANGE-2, lililo kubwa zaidi, likapangwa.

Naomba msomaji ashike hapo. Presha kupanda si sawa na mtu kupona. Dawa nyingi za sepsisi zimepandisha presha vizuri tu, na makaburi yakabaki idadi ileile.

Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 haukuipendekeza wala kuikataza tiba hii kwa watu wazima, kwa kukosa ushahidi. Ule wa watoto wa 2020 unashauri isitumike kwenye mshtuko wa sepsisi wa kawaida, na haukutoa kauli kwa watoto ambao viungo kadhaa vimefeli pamoja na chembe sahani kushuka, hali iitwayo TAMOF. Chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba za aina hii kimeiweka sepsisi daraja la III: kila mgonjwa aamuliwe peke yake.

Upande wa pili: saa za mwanzo

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo roho nyingi za visiwani zinapookolewa au kupotea.

Utafiti mkubwa wa 2006 kuhusu mshtuko wa sepsisi ulionyesha kwamba kila saa moja ya kuchelewa kupata antibiotiki sahihi, baada ya presha kushuka, iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa 7.6%. Mwongozo wa 2021 unataka mwenye mshtuko apate antibiotiki ndani ya saa moja. Linganisha saa moja hiyo na safari: Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa boti, tena Unguja hadi Dar. Bahari ya kusi ikichafuka, mkondo wa Nungwi haumjui mgonjwa.

Na antibiotiki gani? Sisi tuna takwimu zetu wenyewe, na inafaa kuzitumia. Pemba, kati ya 2009 na 2010, damu za wagonjwa 2,209 zilioteshwa maabara. Vijidudu vya kweli vilipatikana kwa watu 79, na 46 kati yao walikuwa na bakteria wa homa ya matumbo. Unguja, kwenye utafiti uliofanyika Mnazi Mmoja, karibu mgonjwa mmoja katika saba alikuwa na vijidudu kwenye damu, Klebsiella wakiwa mbele, na baadhi yao wakiwa sugu kwa dawa tulizozoea. Kwa hiyo damu ichukuliwe ikaoteshwe kabla ya dozi ya kwanza, kama haitachelewesha, kisha dozi iingie. Maabara ya Ivo de Carneri kule Wawi haikujengwa iwe pambo.

Homa ya matumbo inanirudisha kwenye mashine. Ikitoboa utumbo, kinyesi kinamwagika tumboni na sepsisi inaendelea kuwashwa kila dakika. Hakuna plazma itakayouziba utumbo ule. Ni mpasuaji. Hali kadhalika mabaki ya kondo kwenye mji wa mimba, jipu la paja, mguu wa mwenye kisukari uliooza. Chanzo kikibaki, unabadilisha plazma ya leo ichafuliwe kesho.

Jengine ni malaria. Zanzibar imeyashusha maambukizi yake hadi chini ya 1%, jambo la kujivunia, lakini bado kuna nyumba ambamo homa kali humalizwa kwa dawa ya mseto ya duka la jirani kwa siku mbili tatu. Siku hizo ndizo ambazo mashine yoyote ulimwenguni haiwezi kuzirudisha.

Kuhusu maji ya dripu, ushahidi wa Afrika ni wa kuheshimiwa kuliko wa kwengine popote. Jaribio la FEAST, lililochapishwa 2011, lilihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ya vituo vikiwa Hospitali ya Teule, Muheza, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba. Watoto waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walipomiminiwa maji kwa haraka, walifariki zaidi: kama 10.5% ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3% kwa waliopewa taratibu. Lusaka, mwaka 2017, ilikuwa hivyohivyo kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU: walioshughulikiwa kwa mpango wa maji mengi na ya haraka walifariki 48.1%, wenzao 33%. Mishipa inayovuja haijazwi kwa kumiminiwa, na mapafu ndiyo yanayolipa. Mwongozo wa kimataifa unazungumzia mililita 30 kwa kilo ndani ya saa tatu. Pasipo na mashine ya kupumulia, kipimo hicho kiendwe kwa chupa ndogondogo, na pumzi isikilizwe kila baada ya chupa. (Mtoto wa kuharisha sana si miongoni mwa hao. Yeye anahitaji maji, na haraka.)

Maji yasipotosha, noradrenalini. Lengo ni presha ya wastani (si ile namba ya juu) ya 65. Wengi hudhani lazima pawe na mrija wa shingoni kwanza, lakini kwa muda mfupi inaweza kuanzishwa kwenye mshipa mzuri wa mkono karibu na kiwiko, muuguzi akiuangalia usivimbe. Dozi ikiendelea kupanda, haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 200 kwa siku. Dawa hii ni ya bei ndogo na ipo hata kwenye famasi za kawaida. Jaribio la 2018 la wagonjwa 3,800 halikuonyesha kupungua kwa vifo ilipotumika peke yake, ila mshtuko uliisha mapema. Jengine la mwaka huohuo, ilipoambatanishwa na fludrokotisoni, steroidi nyengine, vifo vya siku 90 vilikuwa 43% badala ya 49.1%. Wagonjwa waliopimiwa hapo ni 1,241. Hilo ni jaribio la uzito ambao kubadilisha plazma bado haijafikia.

Na kipimo cha mishipa yenyewe? Kipo kidoleni. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa sekunde kumi, achia, hesabu. Rangi ikirudi baada ya zaidi ya sekunde tatu, mishipa midogo haijapata damu ya kutosha hata kama presha inasomeka vizuri. Jaribio la ANDROMEDA-SHOCK la 2019, kwa wagonjwa 424, lililinganisha kuongozwa na kidole na kuongozwa na kipimo cha lakteti (asidi inayopanda kwenye damu viungo vikikosa damu ya kutosha), na vifo vya kundi la kidole vilielekea kuwa vichache, 34.9% dhidi ya 43.4%, ingawa pengo hilo halikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Muuguzi wa Micheweni anaweza kukifanya kila nusu saa bila ya kuomba chochote kwa mtu.

Njia za katikati, kwa ufupi

Kuna wanaouliza: kwa nini tusimpe plazma tu, bila ya kutoa ya kwake? Kwa sepsisi isiyovuja damu, hapana. Unazidisha maji kwenye mishipa inayovuja na kile kibaya hukukitoa. Jaribio lililolinganisha njia hizo mbili vizuri ni la Kanada, 1991, kwa ugonjwa wa TTP, ambao kiini chake ni kukosekana kwa ADAMTS13: baada ya miezi sita walikuwa hai 78% ya waliobadilishiwa na 63% ya walioongezewa tu. Mgonjwa akiwa anatoka damu, au anakwenda kupasuliwa na damu haigandi, hapo mifuko ya plazma ina kazi yake.

Albumini, protini ya plazma inayotiwa kwa dripu, ni ghali, na jaribio kubwa la Italia la 2014 halikuonyesha tofauti ya vifo. Vichujio vya polimiksini vinavyonyonya sumu za bakteria vilipimwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 450, matokeo yakatoka 2018: havikusaidia. Mtu akikuuzia kichujio hicho kwa jina la kusafisha damu, mpishe.

Mimi ningechagua vipi

Mgonjwa ambaye hajapata antibiotiki sahihi, chanzo hakijashughulikiwa, noradrenalini haijaanza: nisingemtoa kitandani kwa ajili ya mashine hii hata gari liwe mlangoni na tiketi ziwe zimelipwa. Kumhamisha kwa sababu ya mpasuaji au chumba cha mahututi ni jambo jengine, na hilo lisicheleweshwe.

Mgonjwa ambaye yote hayo yamefanyika, yuko tayari kwenye chumba cha mahututi chenye mashine hiyo na wataalamu wake, mshtuko haujafika saa 24, noradrenalini imevuka 0.4 na bado inapanda: hapo ningekubali ijadiliwe, hasa ndani ya utafiti rasmi. Chembe sahani zikiwa zimeporomoka na figo zimefeli, ningekubali kwa wepesi zaidi, maana ndipo zile nyuzi ndefu zinapofanya uharibifu wao, na ndipo TTP inaweza kuwa imejificha nyuma ya jina la sepsisi. TTP haisubiri. Bila ya kubadilishiwa plazma ilikuwa ikiua karibu tisa katika kumi. Kwa tiba hii wengi wanapona. Daktari akiona chembe sahani chache na chembe nyekundu zilizovunjikavunjika kwenye hadubini, ilhali damu inaganda kwa muda wa kawaida, ombi la rufaa litoke siku hiyohiyo, na kwa mgonjwa huyo mashine ndiyo inayotangulia.

Kwa aliye baina ya hao wawili, amepata tiba ya msingi hapa na anaombewa kwenda Bara au nje, muulizeni daktari anayempokea, kwa simu, kabla ya mchango kuanza: mashine inafanya kazi leo, na mtu wa kuiendesha yupo zamu? Plazma ya kundi lake la damu ipo mifuko mingapi? Nani atasafiri naye akiijua noradrenalini, na pampu ina betri ya kufika? Akifika, mshtuko utakuwa na saa ngapi? Na la mwisho, ambalo husahaulika hata na wanaojua: antibiotiki atapewa lini? Seftriaksoni na dawa nyengine zinazoshikamana sana na protini hutoka pamoja na plazma inayotupwa, kwa hiyo dozi hupangwa iingie baada ya kikao. Hospitali ambayo imelijibu hilo kabla hamjamaliza kuuliza ndiyo ya kuizingatia.